Siku Flaviana Alipoulinda Mji wa Dunkeld

Kwa miaka ishirini na saba Flaviana Rwegoshora alikuwa akiitazama Stockholm kutoka juu. Majirani zake wa Alby, kitongoji cha kusini, waliujua mji kwa vituo vya treni na maduka yenye unga wa ugali. Yeye aliujua kwa mapaa. Angeweza kukuambia ni kanisa gani lina shaba iliyogeuka kijani upande mmoja tu, ni jengo gani la mtaa wa Hornsgatan linalovuja kila theluji inapoyeyuka, na ni fundi gani marehemu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akikunja pembe za bati kama mtu anayefunga kitumbua kwenye gazeti.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa sita. Baba yake alimtaka awe mwalimu. Yeye akajiandikisha chuo cha ufundi mjini Bukoba, msichana pekee kwenye darasa la ufundi wa bati, na kwa muda wa mwaka mzima wavulana walimfichia nyundo ili waone kama atalia. Hakulia. Alinunua nyundo yake na kulala nayo chini ya mto. Mwaka 1997 wanafunzi sita walipelekwa Sweden kwa mafunzo ya miezi tisa. Watano walirudi nyumbani. Flaviana alibaki, kwa sababu mzee mwenye kampuni ya mapaa alimwona akivisha bomba la moshi kola ya bati bila kupima mara mbili, akasema, "Huyu haondoki." Baadaye akaolewa na Gervas, Mtanzania mwenzake aliyekuwa akiunganisha malori kiwandani Södertälje, na wakajaliwa binti mmoja, wakamwita Queen.

Maisha yakaenda hivyo, majira ya joto juu ya bati linalochoma viganja, majira ya baridi kamba kiunoni na barafu chini ya buti. Kisha goti la kulia likaanza kumsaliti. Oktoba akafanyiwa upasuaji. Januari, aliporudi kazini, mzee mwenye kampuni alikuwa amekwisha kustaafu, na kwenye kiti chake alikaa kijana wa umri wa kuwa mwanawe.

"Flaviana, umefanya ya kutosha," yule kijana alimwambia, kwa upole kabisa. "Kuanzia leo utakaa karakanani, kwenye mashine ya kukatia. Pumzisha magoti."

Ni ule upole uliomuumiza. Angemfokea, angejua la kumjibu. Lakini mtu akikuzika kwa tabasamu unamjibu nini? Akaenda kwenye mashine. Akaingiza bati, akabonyeza kitufe, bati likakatika, akaingiza jingine. Nyumbani alisema tu kwamba amehamishwa. Gervas alifurahi, maana kila baridi ilipoingia alikuwa akila chakula huku amekodolea simu macho, akingoja kuambiwa mkewe ameanguka. Hakuona kwamba jioni Flaviana alikuwa akisimama dirishani, akilitazama paa la jengo la mbele, kisha anavuta pazia.

Aliyeona ni Queen. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anasoma historia chuo kikuu, amepanga chumba mjini na huja Alby kila Jumapili kula. Mama yake alimsemesha Kiswahili naye akamjibu Kiswidi, ndivyo ilivyokuwa tangu alipoanza shule ya chekechea, na hakuna aliyeliona tena hilo kuwa jambo.

"Mama, Jumamosi ijayo uje klabuni kwetu," alisema Jumapili moja ya Machi. "Ni siku ya wageni. Kila mwanachama analeta mgeni, wageni wanacheza dhidi ya wanachama."

Flaviana aliijua hiyo klabu. Watu wazima, wengi wao wazee wenye mvi, walikuwa wakikutana kwenye ukumbi wa chini ya ardhi karibu na kituo cha Zinkensdamm na kupigana vita vya zamani juu ya meza, kwa askari wa bati wenye urefu wa kidole gumba.

"Mimi nicheze vita na wazee wa Kiswidi? Nina kichaa?"

"Ni mapigano ya mtaani. Nyumba kwa nyumba. Utapenda nyumba zake, zina mapaa."

Fidèle, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa amekaa pale akinywa chai. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, dereva wa basi, mlokole wa kweli asiyekosa ibada. Akacheka. "Maman Queen, twende. Mimi nakusindikiza. Jumamosi siko kazini."

Basi Jumamosi wakapanda treni ya njia nyekundu, Flaviana, Fidèle, na sufuria la ndizi za nyama ambalo Gervas alilifunga kwa taulo mbili ili lisipoe.

Mezani palikuwa na mji mzima. Mto wa kioo ulipita upande mmoja. Palikuwa na kanisa kuu la mawe, jumba la bwana mkubwa wa eneo hilo, ukuta wa bustani, na nyumba za kawaida zimebanana kwenye vichochoro. Flaviana aliinama kabla hata ya kusalimia watu. Aliyetengeneza mji ule alikuwa amejitahidi: nyumba ndogo zilikuwa na mapaa ya nyasi na ya vigae, na lile jumba kubwa lilikuwa na paa la kijivu lililogawanywa kwa mistari minene.

"Karibuni," alisema mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Aliitwa Nora, mwalimu mstaafu wa historia, na ndiye aliyekuwa mwamuzi. "Huu ni mji wa Dunkeld, Uskoti, Agosti mwaka 1689. Mfalme James ameng'olewa kwenye kiti, amekimbilia ng'ambo. Kiti wamepewa binti yake na mumewe."

"Binti amekalia kiti cha baba yake?" Flaviana aliuliza.

"Ndiyo. Na wapo wasiokubali. Watu wa milimani wameinuka kumrudisha mzee. Wanakuja maelfu, na wanachama wetu ndio watakaowaongoza, Queen akiwa mkuu wao. Ninyi wageni mnaushika mji. Mna kikosi kimoja cha watu wa dini, wakali wa imani, wanaosali na kuimba zaburi kabla ya kupigana. Adui ni mara nne yenu."

"Walokole!" Fidèle alisema, uso ukimng'aa. "Basi niko nyumbani."

Mgeni wa tatu alikuwa Clinton, kijana wa Kenya, mtaalamu wa kompyuta, aliyealikwa na mwanachama anayefanya naye kazi. Clinton alijitolea kuwa kamanda kabla ya kuulizwa. Alikuwa amecheza michezo ya vita ya kompyuta tangu akiwa sekondari, na aliwahakikishia wenzake wasiwe na wasiwasi wowote. "Anti, wewe kaa kwa hiyo nyumba kubwa, ulinde tu. Mimi nitasimama hapa mbele, niwaonyeshe."

Sheria zilikuwa nyepesi. Kila duru ilikuwa saa moja ya vita. Kila upande uliandika amri zake kwenye karatasi, Nora akazisoma, dadu zikatupwa. Risasi zilikuwa shanga nyeusi kwenye bakuli. Ukifyatua, unatoa shanga.

Duru ya kwanza watu wa milimani waliteremka kama mafuriko. Duru ya pili kamanda Clinton, aliyemsimamisha askari wake mwenye farasi katikati ya barabara akiwa na upanga juu, alipigwa na kufa. Nora aliinua kile kiaskari kwa vidole viwili na kukiweka pembeni.

"Nimekufa? Saa hii hii?" Clinton aliuliza.

"Usione haya. Kamanda wa kweli aliuawa mapema zaidi, ndani ya saa ya kwanza," Nora alisema. "Amri inakwenda kwa anayeshika jumba kubwa."

Macho yote yakamgeukia Flaviana. Alikuwa ameshika karatasi tupu. Ng'ambo ya meza, Queen na wazee wake wawili walikuwa wamesimama mikono kifuani, na mmoja wa wale wazee alikuwa akitabasamu. Lilikuwa tabasamu la upole. Flaviana alilijua, alikuwa ameshalipata mwezi Januari.

Akavuta kalamu.

"Fidèle," alisema kwa Kiswahili, "vuta stuli. Leo hatuli mpaka kieleweke."

Wakaanza. Flaviana hakujua lolote kuhusu majeshi, lakini alijua nyumba. Alijua ni ipi yenye ukuta mnene, ni kona ipi mtu akisimama anaona pande mbili, ni wapi watu wakikimbia lazima wabanane. Akawatoa watu wake barabarani na kuwapanga nyuma ya kuta. Adui akaja mara ya kwanza, akarudi. Akaja mara ya pili, akarudi amepungua. Yule mzee akaacha kutabasamu na kuvaa miwani yake.

Duru ya nne Fidèle alimgusa kiwiko. "Maman Queen, sema polepole. Mutoto wako anasikia yote."

Ni kweli. Queen alikuwa amejifanya anapanga dadu, lakini sikio lilikuwa huku. Flaviana akatulia kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi na kwa sauti ya kutosha: "Haya, Fidèle, kanisani tuondoe watu wote, tuwapeleke mtoni. Pale kanisani tubakize watano tu, hawataona."

Akaandika kwenye karatasi kinyume chake kabisa.

Nora alizisoma amri. Queen alikuwa amepeleka nusu ya jeshi lake kanisani, na kanisani, nyuma ya kila dirisha, walikuwa wamekaa walokole wa Flaviana, bunduki tayari. Ilikuwa patashika. Nora alitoa askari wa milimani mezani kwa viganja viwili.

Queen alimtazama mama yake, mdomo wazi. "Mama! Umedanganya!"

"Na wewe ulikuwa unadukua maneno ya wakubwa," Flaviana alimjibu. Ukumbi mzima ulicheka, hata wale wasiojua lugha, na Clinton, marehemu, alipiga makofi kwa nguvu akiwa na sahani ya ndizi magotini.

Lakini Queen hakuwa wa kuchezewa mara mbili. Aliacha kushambulia kwa mkupuo. Aliwaingiza watu wake kwenye nyumba ndogo, moja baada ya nyingine, na kutoka kwenye madirisha yake wakaanza kuwadondoa walinzi mmoja mmoja. Kufika duru ya saba Flaviana alikuwa amebaki na kanisa, jumba kubwa, na kipande cha ukuta wa bustani.

Nora akaweka kadi mezani. "Hapa mlinzi ana uamuzi. Mnaweza kutuma watu wenye mienge wakachome nyumba ambazo adui amejificha. Mkifunga milango kwa nje, wote waliomo wanakufa, na hamtaonana nao tena. Mkiacha milango wazi, watakimbia, na nusu yao watarudi vitani."

Hesabu ilikuwa wazi. Clinton alinong'ona kutoka nyuma, "Fungeni, anti. Ni mchezo tu."

Flaviana alishika kalamu. Akamtazama Fidèle, akaona jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo. Mikono yake alikuwa ameiweka mezani, ametulia kuliko kawaida.

"Fidèle?"

"Uvira," alisema. Kisha akaendelea taratibu, kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa mbali. "Kulikuwa nyumba moja kwa barabara yetu. Familia ya mwalimu. Mulango walifunga na minyororo. Mimi nilikuwa ng'ambo, kwa mufereji, nasikia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ni mchezo, najua. Lakini ile mulango, Maman Queen, usifunge. Hata ya mchezo."

Flaviana akainamia karatasi. Aliandika: *Choma. Milango wazi.* Akapiga mstari chini ya maneno mawili ya mwisho.

Nyumba zikaungua, vipande vya kitambaa chekundu juu ya vipaa vya nyasi. Watu wa milimani wakakimbia, na kama kadi ilivyosema, nusu yao wakajipanga upya na kurudi. Sasa ilibidi kuwarudisha nyuma kwa bunduki, tena na tena, duru ya nane, ya tisa. Kila mara Fidèle alitoa shanga kwenye bakuli. Kufika duru ya kumi akaingiza vidole, akavitoa vitupu, akaligeuza bakuli juu chini.

"Risasi zimekwisha," alisema.

Maji yalikuwa yamewafika shingoni. Ng'ambo, Queen alikuwa akiandika amri yake bila haraka. Yule mzee wa miwani alikuwa ameanza kufunika kalamu zake.

"Risasi zimekwisha," Fidèle alirudia. "Maman Queen, unasikia? Hakuna risasi hata moja."

Flaviana hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akilitazama lile jumba kubwa, mahali alipokuwa tangu asubuhi na walokole wake. Alitazama paa lake la kijivu na ile mistari minene, ambayo mtengenezaji aliiweka umbali sawa, kama mafundi wa zamani walivyokuwa wakiunganisha mabamba. Halikuwa la vigae. Halikuwa la bati. Mwaka 1689 nani alikuwa na bati kama lile? Hata shaba haikuwa, maana ingepakwa kijani. Neno la Fidèle likaligonga lile paa na kumrudia. Kwa Kiswidi yangekuwa maneno mawili yasiyojuana. Kwa Kiswahili lilikuwa moja.

"Zipo," alisema.

"Wapi?"

"Tuko chini yake." Akainuka, goti lake likalia ko, akaweka kidole juu ya lile paa. Akageukia Kiswidi. "Nora, hili paa ni la nini?"

Nora alivaa miwani yake. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu ni la risasi. Madini ya risasi. Nimewahi kuyavua na kuyavika mapaa kama haya, nayajua. Nataka kulivua, niliyeyushe, niwape watu wangu wapigane."

Ukumbi ulizuka. Yule mzee wa miwani akasema hakuna sheria ya namna hiyo kwenye kitabu. Mwenzake akasema haiwezekani, itachukua siku nzima, watahitaji tanuru, watahitaji kalibu za kumiminia risasi. Nora aliinua mkono, wakanyamaza.

"Tueleze," alimwambia Flaviana. "Watu wangapi? Muda gani? Kwa moto gani?"

Na Flaviana akaeleza. Mwanzoni alitafuta maneno. Kisha hakuyatafuta tena, yalikuja yenyewe, kama yanavyomjia mtu aliyesimama mahali pake. Aliwaambia risasi ni laini, unaikata kwa shoka au kisu kizito, unaikunja kama mkeka na kuiviringisha chini. Watu kumi, sita juu na wanne chini, kwa nusu saa wanateremsha mita za mraba kama nane au tisa. Mita moja ya mraba ya risasi nene ya zamani ina kilo thelathini na zaidi.

"Na kidonge kimoja cha bunduki zenu hizi kina uzito gani?" aliuliza.

"Gramu thelathini, hivi," Nora alisema.

"Basi mita moja ni vidonge elfu moja. Hesabu paa lote."

Hakuna aliyehesabu. Walikuwa wakimtazama.

"Tanuru la nini? Moto wa jikoni unatosha. Moto wa kuni na chungu cha chuma, na jumba la bwana mkubwa haliwezi kukosa jiko. Kalibu nazo sizihitaji. Unachimba vijifereji ardhini, vyembamba kama kidole, unamimina, inaganda kabla hujamaliza kusali Baba Yetu, unakatakata vipande. Havitakuwa vya mviringo. Vitaua hivyo hivyo." Akavuta mkono wa sweta na kuwaonyesha kovu jeupe juu ya kifundo cha mkono. "Ila udongo uwe mkavu. Wachimbie ndani, chini ya paa la zizi, si nje. Risasi ya moto ikikuta maji inakurukia. Hii niliipata kwenye kanisa moja huko Uppland, kwa sababu fundi wa zamu hakunisikiliza."

Kisha Nora akafungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyogundishwa, akaipasua mbele yao.

"Mezani kwetu vita hivi vimepiganwa mara kumi na moja," alisema. "Bahasha hii imekuwepo mara zote. Wanachama hawaruhusiwi kuitumia, kwa kuwa huenda wamesoma vitabu. Mgeni anaruhusiwa, akiwaza mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuwaza." Akasoma. Siku ile ya Agosti, kikosi cha Dunkeld kilipoishiwa, askari walipanda juu ya jumba, wakalivua paa lake la risasi, wakaiyeyusha, wakaimimina kwenye vijifereji ardhini na kuikatakata.

"Vijifereji!" Clinton alipiga kelele. "Amesema vijifereji!"

Nora alimwaga mfuko mzima wa shanga kwenye bakuli la Fidèle. Zilijaa, nyingine zikabingirika mezani.

Yaliyobaki hayakuchukua muda mrefu. Duru ya kumi na moja Queen alishambulia kwa kila alichokuwa nacho, na Flaviana alimpokea kwa kila alichokuwa nacho. Duru ya kumi na mbili alishambulia tena. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa imeungua au inaungua. Katikati ya vitambaa vyekundu lilisimama jumba moja lisilo na paa, na kanisa, na walokole waliobaki. Duru ya kumi na tatu Nora alimwambia Queen atupe dadu aone kama watu wake bado wana moyo. Alihitaji nne au zaidi.

Akatupa. Mbili.

"Wamekataa," Nora alisema. "Makamanda wanawasukuma, hawaendi. Wanarudi milimani. Mji ni wa wageni."

Fidèle alimnyanyua Flaviana, mwanamke wa kilo themanini na tano, akamzungusha hadi akapiga kelele za kumwomba alihurumie goti lake. Clinton alisahau kuwa ni maiti na kucheza dansi kuizunguka meza. Yule mzee wa miwani alikuja, akampa Flaviana mkono, akamwomba, kama hatajali, amweleze tena ile habari ya kuviringisha kama mkeka. Babake alikuwa fundi wa mapaa, na yeye hakuwahi kumuuliza kitu.

Queen alikuja wa mwisho. Alikuwa amepigwa mbele ya klabu yake nzima, na uso wake uling'aa kama yeye ndiye aliyeshinda. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu.

"Nilijua una hilo kovu," alisema. "Sikuwahi kujua limetoka wapi."

Nora alisubiri kelele zipungue, kisha akasema kwamba kuna jambo moja zaidi. Askari wa kweli wa Dunkeld walipochoma zile nyumba, milango walifunga. Waliomo waliungua. "Mara kumi na moja tumecheza hapa, na kila mlinzi amefunga, kwa sababu ndivyo hesabu inavyotaka. Leo ni mara ya kwanza mji huu umeokolewa na milango ikiwa wazi. Nitaliandika hilo kwenye daftari la klabu."

Fidèle alivua kofia yake. Alisimama kidogo, akaitazama ile meza, akauliza kama ni kweli walokole wale waliimba zaburi baada ya kushinda. Nora akasema ni kweli. Basi Fidèle akaimba. Aliimba zaburi kwa Kiswahili cha kwao, kwa sauti nene iliyojaza ule ukumbi wa chini hadi vioo vya juu vikatetemeka. Flaviana akashika sauti ya pili, Clinton akaikuta ya tatu, na wazee wa Kiswidi wakasimama, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Kisha wakala ndizi zote, na waliokuja wamechelewa wakakwangua sufuria.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Flaviana hakwenda kwenye mashine. Aligonga mlango wa bosi.

"Magoti yangu yamechoka," alisema. "Kichwa changu hakijachoka. Hakuna mtu mwingine kwenye kampuni hii aliyewahi kuvika paa la risasi, na makanisa ya zamani yanazidi kutuomba bei. Nataka niwe wa kwanza kupanda, kwa kreni yenye kikapu, nikague, niseme linalotakiwa. Na wale wanafunzi wawili wa ufundi nikae nao mimi."

Yule kijana aliweka kikombe chini. "Umekuwa ukiliwaza hili tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Saa tisa hivi."

Alikubali wajaribu hadi majira ya joto. Majira ya joto yalipofika hakuna aliyekumbuka kuwa lilikuwa jaribio.

Mwezi wa Mei Flaviana alijiunga na klabu ya Zinkensdamm, akalipa ada, akapewa kadi. Mchezo wake wa kwanza kama mwanachama ulikuwa vita vya baharini, mahali pasipo na paa hata moja, na merikebu zake zote saba zilizama kabla ya chakula cha mchana. Queen, aliyekuwa upande wake safari hiyo, alicheka hadi akakaa sakafuni.